Mshono wa Saba

Ndege ya alfajiri, Puerto Montt kwenda Punta Arenas,
kiti cha ishirini na moja, kando ya njia.
Mimi nimeshaziba masikio kwa muziki,
nimefumba macho kama mtu aliyelipia usingizi.

Bibi wa pembeni yangu hakufumba.
Kidole chake kilitembea juu ya migongo ya viti:
kwenda mbele, saba hadi mlangoni;
kurudi nyuma, nne.
"Nne," akaniambia, kana kwamba nilimuuliza.
"Moshi ukitanda macho hayana kazi.
Kwetu ni nyuma, kijana. Na begi lako
liache lilie peke yake huko juu."

Nikacheka kimoyomoyo.
Wengine walishavua viatu, soksi zinapunga hewa;
yeye kamba za viatu alizifunga mafundo mawili.
Mhudumu aliposimama na mkanda wa maonyesho,
akichomeka, akichomoa,
mbele ya watu mia na sitini walioinamia simu,
bibi huyu peke yake alimtazama
kwa adabu ya mtu aliyealikwa harusini
na anamjua bibi harusi tangu utotoni.

Kisha akanigeukia. "Kaza."
"Taa imezimwa, señora."
"Taa ni ya rubani. Nyonga ni zako."
Nikakaza. Ili aninyamazie tu, nikakaza.

Kusini kule upepo hauna mlango wa kubisha.
Ulitukamata juu ya barafu,
ukatuangusha kama ndoo iliyokatika kamba.
Kahawa yangu ilipanda darini, ikabaki huko kidogo,
ikifikiria.
Bwana wa safu ya kumi na nane, aliyesimama kutafuta chaja,
aliruka bila kutaka,
akarudi chini na nyusi iliyopasuka.
Nami nilining'inia kwenye utepe
usiozidi upana wa vidole vitatu,
na utepe haukuniuliza kama nilicheka.

Mtoto analia. Mtu anasali. Mtu anatukana, kwa sauti ileile ya kusali.
Bibi ameinama, mkono chini ya kiti.
Nikadhani anachomoa kizibao cha kuelea.
La. Anapapasa pindo la mfuko wake,
pale utepe mwekundu wa kuvutia unapoanzia,
midomo ikihesabu.

"Miaka ishirini na sita," akasema, upepo ulipochoka,
"karakanani Talcahuano, nilishona mifuko hii.
Sheria ilitaka mishono sita kwenye utepe.
Mimi, Eduvigis Barrientos, nilitia saba.
Msimamizi alinikata pesa ya uzi.
Sijawahi kuona hata mmoja ukifunguliwa.
Hicho ndicho kiinua mgongo changu."

"Na huu?" nikauliza. "Ni saba?"

Akapapasa tena, polepole,
kama anayesoma barua ya mtu asiyemfahamu.
"Sita," akasema.
"Wa mwingine huyu.
Umekazwa vizuri. Utashika."
Akaegemea kiti. Akalala, yeye sasa,
mkanda juu ya nyonga, viatu miguuni.

Tulipotua watu walipiga makofi,
wakainuka kabla magurudumu hayajanyamaza,
wakigombea mabegi kama mikate ya mwisho.
Bwana wa kumi na nane alishikilia leso kwenye nyusi.
Hakuna aliyempigia makofi mshonaji.
Naye aliketi hadi njia ikawa nyeupe,
akatoka, akamshukuru mhudumu kwa ule mkanda wa maonyesho.
Mhudumu alidhani ni mzaha.

Jumapili nilirudi. Kiti kingine, safu ya tisa.
Mbele, nane. Nyuma, tano.
Sikuziba masikio.
Injini ziliponguruma niliinama,
nikapeleka mkono chini, gizani,
nikautafuta utepe.
Vidole vyangu havijui kusoma uzi:
mara sita, mara saba.
Nikaanza upya kuhesabu.